Uliza Fundi: Muuzaji ananinyima nyaraka za chipu, eti sheria ya Marekani inamkataza

Mbukwenyi wasomaji. Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka enkripsheni, yaani kufunga data kwa ufunguo wa siri, nadhani ni kwa vile ofisi nyingi hapa mjini sasa hivi zinaunganisha matawi ya wilayani na kila mtu anataka laini yake iwe salama. Nimechagua tano. Ya kwanza nitakaa nayo sana maana imeniuma.

Shikamoo fundi. Mimi nashughulikia mitambo kwenye saccos ya wakulima wa zabibu, ofisi kubwa iko Area C na tawi liko Hombolo. Tulinunua ruta mbili za mtumba kutoka nje, zina chipu ya kusaidia enkripsheni, muuzaji alizisifia kweli kwamba VPN (njia ya siri ya kuunganisha ofisi kupitia intaneti) itapaa. Nimeweka Linux, VPN inapanda vizuri tu ila CPU inafika asilimia 100 na kasi haivuki megabiti 30, chipu imelala. Nikamwomba muuzaji draiva (programu ya kuiendesha chipu) au hata datashiti (maelezo ya chipu). Akajibu hawezi, eti sheria ya Marekani ya kuuza enkripsheni nje inamkataza, labda nijaze fomu yenye jina, namba ya pasipoti na kazi ya kifaa, alafu nisaini kwamba nitakachopewa sitamwonyesha mtu yeyote. Ni kweli sheria inasema hivo? Na sisi wa huku tufanyeje? (Mtu wa mitambo, Hombolo)

Marahaba mdogo wangu, na pole. Huyo bwana amechukua mambo mawili, moja la kweli na lingine sheria haisemi, akayafunga kifurushi kimoja akakupa.

La kweli ni hili. Marekani wana kanuni za kudhibiti bidhaa zinazotoka kwao, zinasimamiwa na ofisi inaitwa BIS chini ya Wizara ya Biashara, na enkripsheni ina sura yake humo, wanaiita Kundi la 5 Sehemu ya 2. Chipu yenyewe, kile kitu unachokishika mkononi, imo. Muuzaji anatakiwa ajue anamuuzia nani, asipeleke Iran wala Kuba wala Korea Kaskazini, asimuuzie mtu aliye kwenye orodha zao za waliozuiwa. Tanzania haimo kwenye hizo nchi. Ila kuna kitu kimoja ambacho ndugu zetu wa Mji wa Serikali kule Mtumba wakijue: vifaa fulani vya mtandao vyenye uwezo mkubwa, mnunuzi akiwa ni serikali ya nchi ambayo haipo kwenye orodha yao maalumu ya nchi rafiki, vinahitaji leseni kabla ya kutoka, na sisi kwenye orodha hiyo hatupo. Kwaiyo afisa manunuzi wa wizara apange muda. Nyie ni saccos, hiyo haiwahusu.

Sasa la pili. Maelezo yaliyochapishwa wazi kwa kila mtu, iwe kitabu, makala au datashiti iliyowekwa kwenye tovuti bila kumuuliza msomaji ni nani, hayo yako nje ya hizo kanuni. Kampuni ikiamua kuianika datashiti haihitaji leseni ya mtu. Ikiamua kuifungia kabatini na kuitoa kwa mmoja mmoja, hapo ndo inajitwisha yenyewe mzigo wa kujua nani kachukua nini, alafu inakuja kukwambia mzigo huo kauleta sheria. Na hebu fikiria datashiti yenyewe ina nini ndani. Rejista hii, yaani kisanduku kidogo cha data ndani ya chipu, iko anwani fulani, ufunguo weka hapa, data weka hapa, subiri biti ile igeuke kuwa 1, chukua jibu pale. Hamna siri ya hesabu humo. AES, ile njia ya enkripsheni ambayo chipu hizi zinaifanya, iko wazi tangu ilipofanywa kiwango rasmi Novemba 2001, waliitunga Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na mwanafunzi wa mwaka wa pili pale UDOM anaweza kukaa jioni moja akaiandika kwenye laptop yake. Kinachofichwa ni namna ya kuongea na chipu uliyoinunua kwa hela yako mwenyewe.

Nataka nikupe na historia kidogo, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini watu wa programu huria (zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu) wanakuwa wakali hivi wakisikia habari za fomu.

Mpaka 1996 enkripsheni kule Marekani ilikuwa inahesabiwa kwenye orodha ya silaha, orodha moja na vifaru na makombora. Phil Zimmermann akatoa PGP, programu ya kufunga barua pepe kwa enkripsheni, mwaka 1991, ikatapakaa duniani, na kuanzia 1993 serikali ikamchunguza karibu miaka mitatu kwa habari ya kupeleka silaha nje, ikaja kumwachia Januari 1996 bila kumfungulia kesi. Katikati ya hapo, 1995, MIT Press ikachapa msimbo wote wa PGP kama kitabu cha karatasi, kwa sababu kitabu kilikuwa ruksa kuvuka mpaka na diski haikuwa ruksa. Herufi zilezile! Watu wa nje wakanunua kitabu, wakakiskani, wakapata programu. Mwaka huohuo Daniel Bernstein, akiwa mwanafunzi wa Berkeley, akaishtaki serikali, na 1996 jaji Marilyn Hall Patel akaamua kwamba msimbo wa programu ni maneno kama maneno mengine na unalindwa na haki ya kusema. Mahakama ya rufaa ikamuunga mkono mwaka 1999.

Na kilichoruhusiwa kutoka kirahisi kipindi hicho kilikuwa nini? Ufunguo wa biti 40. Netscape, kivinjari cha intaneti cha enzi hizo, ilikuwa na toleo la kwao la biti 128 na toleo la nje la biti 40. Biti 40 ni funguo kama trilioni 1.1 hivi, unasikia nyingi, lakini Agosti 1995 Damien Doligez kule Ufaransa aliufungua ujumbe wa Netscape wa toleo la nje kwa siku 8, akitumia kompyuta za kazini zilizokuwa zimekaa tu. Julai 1998 watu wa EFF, shirika la kutetea haki za watu mtandaoni, wakaunda mashine ya chini ya dola 250,000 ikaivunja DES ya biti 56, njia ya enkripsheni iliyotangulia AES, kwa saa 56. Simu nazo hivohivo, GSM ilikuwa na kufuli la A5/1 na pembeni yake A5/2 iliyotengenezwa dhaifu kwa ajili ya masoko ya nje ya Ulaya, ikavunjwa 1999 mchana kweupe. Alafu mwaka 2021 watafiti wakaonyesha kwamba GEA-1, ile iliyokuwa inalinda intaneti ya GPRS, ufunguo wake unaoandikwa biti 64 una nguvu ya biti 40 tu, na hesabu yake ikionyesha kabisa kwamba hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Kila ukisikia "toleo la nje" ndugu yangu jua linalosemwa ni toleo la watu kama sisi, la mtu wa Bahi na Kondoa na Manyoni. Ndo maana mimi jambo hili silichukulii kama la mainjinia peke yao.

Tena udhaifu ule haukuondoka na sheria zilipolegea. Mwaka 2015 likatoka shambulio la FREAK, seva nyingi tu duniani zilikuwa bado zinakubali RSA (njia ya kupeana funguo) ya biti 512, kile kipimo cha kuuza nje cha miaka ya tisini, kwaiyo mtu akikaa katikati ya mawasiliano anailazimisha seva irudi kwenye kufuli lile la bati na kulifungua. Miezi michache baadae Logjam, ugonjwa uleule upande wa Diffie-Hellman, njia nyingine ya kupeana funguo. Miaka ishirini!

Watu wa programu huria walifanya nini? Walihamisha kazi. OpenBSD, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, makao yake ni Calgary, Kanada, kwaiyo waliweka enkripsheni ndani ya mfumo tangu zamani wakati wengine wanaogopa. FreeS/WAN, mradi wa IPsec (aina ya VPN) wa Linux aliouanzisha John Gilmore, ulikuwa haupokei hata mstari mmoja wa msimbo kutoka kwa Mmarekani, na Gilmore mwenyewe ni Mmarekani. Debian, watu wa toleo moja la Linux, walikuwa na ghala la pembeni linaloitwa non-US, lipo nje ya Marekani, hadi walipolirudisha ndani mwaka 2002. GnuPG, mbadala huria wa PGP, ikaandikwa Ujerumani. OpenSSL, maktaba ya enkripsheni ya tovuti, imetokana na SSLeay ya Eric Young na mwenzake Tim Hudson, kazi ya Australia. Na draiva za chipu za enkripsheni zikafuata njia hiyohiyo, OpenBSD 2.7 ya mwaka 2000 tayari ilikuwa na draiva ya chipu za kampuni ya Hifn. Alafu Januari 2000 Marekani ikalegeza yenyewe, msimbo uliowekwa hadharani ukaruhusiwa kutoka bila kuomba leseni, ulikuwa unatuma tu barua pepe ya taarifa kwamba msimbo uko anwani fulani.

Kwaiyo unaona hiyo fomu ya muuzaji wako siyo mpya. Mwaka 2006 Hifn hao hao walibishana hadharani na watu wa OpenBSD, kampuni inataka kila anayetaka nyaraka ajiandikishe kwanza na inataja masharti ya kuuza nje, na OpenBSD wanajibu kwamba nyaraka zikiwekwa wazi hakuna sharti linalovunjwa. Mimi niko upande wa OpenBSD mia kwa mia. Hata mimi nimewahi kununua kadi ya namna hiyo, miaka ya nyuma, kwa ajili ya ofisi moja ya hapa Dodoma, nikasaini karatasi ya siri, nikapewa kurasa chache zisizoeleweka na draiva ya kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) moja tu, kerneli ilipobadilika kadi ikafa, kampuni haijibu, na nilichokuwa nimekigundua mwenyewe kwa kuhangaika usiku siwezi kumpa mtu kwa sababu nimesaini. Usisaini. Ukisaini, draiva utakayoandika huenda usiweze kuianika, na draiva isiyoanikwa ikifa hakuna wa kuifufua.

Haya, sasa ruta zako. Kabla ya kuilaumu chipu nijibu moja: VPN yako ni ya aina gani? Kama ni WireGuard, umemaliza kesi. WireGuard inatumia ChaCha20, njia nyingine ya enkripsheni, haitumii AES, na ile chipu ya mtumba karibu hakika inajua AES na ndugu zake wa zamani tu, itaendelea kulala hata uipe draiva ya dhahabu. Kama ni OpenVPN, hiyo kwa kawaida inafanyia kazi juu, nje ya kerneli, data inapanda na kushuka na draiva ya kerneli haiguswi kirahisi. IPsec ndo inayofanya kazi ndani ya kerneli na ndo inayoweza kuitumia chipu moja kwa moja.

Fungua /proc/crypto usome. Kila algoriti ina mistari yake, utaona jina, draiva na kipaumbele, na yenye kipaumbele kikubwa ndo inayochukuliwa. Kama unaona aes-generic peke yake basi chipu haijaonekana. Piga lspci -nn, au kama chipu iko ndani ya prosesa angalia devaisi tree (orodha ya vifaa vya ndani ya bodi), chukua ile namba uitafute kwenye msimbo wa kerneli, folda ya drivers/crypto. Mle kuna draiva huria za Marvell, NXP, Allwinner, Rockchip, AMD, Intel na wengine, na mara nyingi sana kosa ni kwamba aliyejenga kerneli yako hakuiwasha, unaijenga upya mchana mmoja na kila kitu kinaamka.

Na kama haimo kabisa, usijifunge na hizo ruta. Angalia kama CPU ina amri zake za AES, andika grep aes /proc/cpuinfo, Intel walizileta 2010 na VIA waliwatangulia na PadLock mwaka 2003. Hizo hazitaki datashiti ya siri, ni amri za prosesa zilizoandikwa kwenye vitabu vilivyo wazi, na kwa vipakiti vidogovidogo vya ofisi mara nyingi zinaipita chipu ya pembeni, maana kuipelekea chipu kipakiti na kungoja jibu nako kunakula muda. Angalizo moja, Raspberry Pi 4 haina amri hizo, Pi 5 inazo, watu wengi wananunua bila kujua. Kompyuta ndogo ya mtumba yenye AES itawabebea Hombolo na Area C bila kutoka jasho. Ruta zile mrudishie muuzaji kama muda wa kurudisha haujapita, na mwandikie sababu wazi kabisa: nyaraka hazikuwekwa hadharani.

Fundi habari za kazi. Simu yangu ni ya bei ndogo na imekuwa nzito sana, kijana mmoja wa kutengeneza simu hapa sokoni Majengo kaniambia ni enkripsheni inakula nguvu, niilipie aitoe. Nikubali? (Dada wa Makole)

Usikubali dada yangu. Simu zilizotoka na Android 10 kwenda mbele zote lazima zije zimefungwa kwa enkripsheni, na kuitoa maana yake ni kufuta simu nzima na kuchokonoa mfumo, utabaki na simu ambayo ikidondoka kwenye daladala aliyeiokota anasoma picha zako na meseji za hela kama gazeti.

Ni kweli zamani simu ndogo zilikuwa zinaumia, prosesa zake hazikuwa na amri za AES. Google wakaliona hilo, Februari 2019 wakaleta njia inaitwa Adiantum, imejengwa juu ya ChaCha ya yule yule Bernstein niliyemtaja hapo juu, kwa ajili hasa ya simu dhaifu, na iko wazi, imo hadi kwenye kerneli ya Linux. Uzito wa simu yako ni hifadhi iliyojaa. Futa video za magrupu ya WhatsApp uone.

Mwalimu, mimi nafundisha kompyuta sekondari huku Singida. Mnatusifia sana draiva huria, lakini chipu yenyewe ni silikoni iliyofungwa, nani anajua ndani kuna nini? Draiva ikiwa wazi na chipu ina mlango wa siri si ni kazi bure? (Mwalimu mwenzio, Singida)

Mwalimu umeuliza swali ambalo wauzaji huwa hawataki liulizwe, na jibu langu linategemea chipu inafanya kazi gani.

Kama kazi yake ni AES tu, draiva huria inatosha sana, kwa sababu AES ina jibu moja. Ufunguo uleule na data ileile lazima vitoe matokeo yaleyale, chipu ya Mmarekani, ya Mchina au hesabu ya mkono kwenye ubao wako pale darasani. Kerneli ya Linux inalijua hilo, draiva ikijiandikisha inapewa mitihani ambayo majibu yake yanajulikana, ikikosa inakataliwa. Ila bado chipu inaweza ikavujisha ufunguo kwa njia ya pembeni, hilo silifichi. Lakini haiwezi kukudanganya kwenye hesabu.

Balaa liko kwenye namba nasibu na kutengeneza funguo. Hapo hakuna jibu moja, chipu ikikupa namba utajuaje kama ni za bahati kweli au mtu anazo nakala? Mwaka 2006 Marekani walipitisha kiwango cha namba nasibu kinaitwa Dual_EC_DRBG, wataalamu wakaonya mwaka uliofuata kwamba kinaweza kuwa na mlango wa nyuma, nyaraka za siri za Marekani alizovujisha Edward Snowden 2013 zikauthibitisha wasiwasi, kikaondolewa 2014. Na 2017 ikaonekana maktaba ya ndani ya chipu za Infineon, iliyokuwa imefungwa, ilikuwa inatengeneza funguo za RSA kwa njia ya mkato miaka na miaka, udhaifu ukaitwa ROCA, Estonia ikabidi wahangaike na vitambulisho vya taifa kama laki saba na nusu. Chipu hizo zilikuwa na vyeti vya usalama. Waliogundua ni watafiti waliozikusanya funguo wakaziangalia kwa nje, maana ndani hawakuruhusiwa kuona.

Kwaiyo draiva huria inasaidia hivi. Linux haiziamini namba za chipu peke yake, inazichanganya na vyanzo vingine, muda wa diski, vikatizo vya mtandao na kadhalika, chipu moja ikisema uongo zingine zinaokoa. FreeBSD, mfumo huria ndugu wa OpenBSD, nao mwaka 2013 waliamua kuacha kuzitumia namba za Intel na VIA moja kwa moja, wakazipitisha kwanza kwenye mchanganyo wao. Wewe mwalimu unaweza kuisoma hiyo sehemu ya msimbo leo na kuwaonyesha wanafunzi. Kwenye sanduku lililofungwa huwezi kujua kama kuna mchanganyo au hakuna.

Na kama kuna anayesema haya ni mashaka ya bure, mkumbushe Crypto AG, kampuni ya Uswisi iliyouza mashine za siri kwa serikali zaidi ya 100 kwa miongo, na Februari 2020 Washington Post na ZDF ya Ujerumani wakaanika kwamba wenye kampuni kwa siri walikuwa CIA na shirika la ujasusi la Ujerumani. Nchi zililipa hela zao kununua mashine ambazo mwenye duka anazisoma.

Mkuu, kuhusu VPN ya ofisi hapa Tanzania, hayo mambo ya Marekani ndo yale yale ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ya kujiandikisha? (Nipo Kisasa)

Hapana, ni vitu viwili tofauti. Hiyo ya kwetu inatokana na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020, na Oktoba 2023 TCRA walitoa tangazo kwamba wanaotumia VPN kwa shughuli halali watoe taarifa kabla ya tarehe 30 mwezi ule. Kama ofisi yenu haijawahi kupeleka taarifa, andikeni TCRA, mtaje kazi ya VPN na anwani zake za IP. Algoriti gani mnatumia na chipu ya nani, hayo tangazo halikuuliza.

Shikamoo fundi. Nasoma UDOM, mwaka wa tatu. Nina bodi ndogo ya Kichina, ndani ya prosesa yake kuna sehemu ya AES na SHA (ya kukagua kama data imebadilika) ambayo Linux haiijui. Nimehangaika miezi minne nimeiandikia draiva, inafanya kazi! Nataka kuiweka GitHub, ile tovuti ya kuanika msimbo, na baadae niipeleke kerneli kuu, ila wenzangu wa chumbani wananitisha kwamba GitHub ni ya Marekani na enkripsheni ni kosa kuituma, nitafungiwa hata viza. Naombeni ushauri. (Mwanafunzi, UDOM)

Marahaba mwanangu, na hongera sana, miezi minne juu ya rejista zisizo na maelezo siyo mchezo.

Wenzako wamesikia habari ya miaka ya tisini. Leo msimbo wa enkripsheni ulioanikwa kwa kila mtu, kama unatumia njia za kawaida zilizo kwenye viwango, AES na SHA ndo hizo, hauko chini ya kanuni za BIS kabisa. Mwanzoni, tangu 2000, kulikuwa na ile barua pepe ya taarifa, nakala moja BIS na nyingine NSA, shirika la ujasusi la Marekani, lakini tangu Machi 2021 barua hiyo inahitajika tu kwa enkripsheni isiyo ya kiwango, yaani umejitungia algoriti yako mwenyewe ambayo haijachapishwa wala kupitishwa popote. Kama umejitungia, usiiweke kwenye draiva, siyo kwa kuogopa Marekani ila kwa sababu algoriti ya kujitungia huvunjika.

Kuhusu kufungiwa, mwaka 2019 GitHub iliwabana watu wa Iran, Syria, Kuba, Korea Kaskazini na Crimea kwa sababu ya vikwazo vya nchi. Sisi hatumo. Ila weka nakala ya kazi yako kwenye seva nyingine pia na kwenye flashi nyumbani kwenu, hilo ningekwambia hata kama dunia ingekuwa na amani tupu.

Kitu ninachotaka ukiangalie kwa makini ni kingine: ulijuaje rejista za hiyo chipu? Kama ni kwa kujaribu na kusoma msimbo huria ambao kampuni ilishautoa, uko safi, andika mwanzoni mwa faili ulivyojua. Kama uliokota datashiti mahali ikiwa imeandikwa ni siri kila ukurasa, hapo tatizo lako siyo sheria ya kuuza nje, ni mali ya mtu, na walinzi wa kerneli watakuuliza. Niambie ukweli tu kabla hujaituma tupange.

Kingine, washa majaribio ya ziada ya crypto kwenye kerneli uyaache yazunguke usiku kucha. Draiva nyingi za mara ya kwanza zinaanguka kwenye data isiyogawanyika sawasawa na kwenye maombi mengi yanayokuja kwa pamoja, unakuta kipakiti kimoja kinapewa ufunguo wa mwenzake, na hilo kosa ni baya kuliko kutokuwa na draiva kabisa. Pima na kasi, ulinganishe na AES ya kawaida ya kwenye CPU, na matokeo uyaandike hata kama chipu imeshindwa. Leseni weka GPL toleo la 2 maana ndo ya kerneli. Anayesimamia sehemu ya crypto kule ni Herbert Xu, atakurudishia kazi mara mbili tatu na maswali mengi, wote wanarudishiwa, usikate tamaa ukadhani ni kwa sababu unatokea Dodoma.

Ukishaianika niandikie anwani yake na jina kamili lililoandikwa juu ya chipu. Kama ni bodi ile ninayoidhania, ninayo moja hapa mezani imejaa vumbi tangu mwaka jana kwa kukosa draiva, nitaijaribu ya kwako Jumamosi asubuhi kabla sijaenda mnada wa Msalato na majibu utayapata jioni ileile.